Shapitre ya Mwisho Iko Itebero

Hakuna harufu inayonirudisha nyumbani upesi kama ile ya maziwa yaliyomwagikia makaa. Sisemi maziwa mabichi, wala yale yaliyogandia kwenye kibuyu. Nasema yale yanayofura ghafla, yakavuka ukingo wa sufuria na kuungua juu ya mbabula ya makaa, yakatoa moshi mweupe wenye utamu na uchungu pamoja. Majirani zangu hapa Bweremana wakiisikia harufu hiyo huuliza kwa sauti ni nani huyo aliyeacha jiko. Mimi huwa siko nao tena. Naliona jiko letu la kule juu, Masisi, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na mama yangu amesimama na mwiko mkononi, mdomo wazi, amesahau kabisa kwamba kuna kitu motoni, kwa sababu mbuzi mmoja ndani ya kitabu alikuwa anaikaribia kofia ya chifu.

Kitabu kile kilikuwa cha dada yangu mkubwa, Esperanse. Alisomea Kirotshe, kando ya ziwa, akikaa kwa shangazi yetu, na alipomaliza masomo mwalimu wake mmoja alimpa kitabu hicho kama ukumbusho. Hakikuwa kikubwa. Jalada lake la kijani lilikuwa limepauka, kurasa zilinukia sabuni kwa kuwa kilisafiri katikati ya nguo zake, na kila baada ya majani machache palikuwa na picha ya wino mweusi. Kilikuwa cha Kifaransa, kimegawanywa katika sura, ambazo sisi tuliziita shapitre kama zilivyoitwa shuleni. Kabla ya hapo vitabu vya nyumbani kwetu vilikuwa Biblia na kitabu cha nyimbo. Katika Biblia mbuzi walikuwa wengi, lakini simkumbuki hata mmoja aliyemaliza vizuri.

Mimi leo ni mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza, na bado sijaona mbinu iliyoipita ile aliyotutegea Esperanse, mimi na mdogo wetu Bahati. Hakutuita. Hakusema njooni niwasomee. Alivuta kigoda cha kukamulia mpaka mlangoni pa jiko, palipokuwa bado na mwanga wa jioni, akafungua kitabu, akaanza kucheka peke yake. Alicheka kidogo, akafunua jani, akacheka tena huku akijifuta macho. Bahati, ambaye wakati huo alikuwa na pengo kubwa mbele na hamu kubwa ya kila kitu, alikuwa wa kwanza kushindwa. Alisogea upande upande kama kuku anayenyemelea mahindi ya watu. Mimi nilijifanya nachambua maharage. Dada akaifunika picha kwa kiganja na kutuachia kwato tu. Tukakisia ng'ombe. Akasogeza kiganja, tukaona mkia mfupi. Akasogeza tena, tukaona ndevu, na juu ya ndevu jicho moja lenye kiburi ambalo mpaka leo naweza kulichora.

Sijui mbuzi yule aliitwa nani kwa Kifaransa. Dada alikuwa akisoma kimoyomoyo, kisha akatutolea kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na humo alimbatiza Mama Ndevu. Katika shapitre ya kwanza Mama Ndevu alikula kofia ya chifu, na asubuhi yake watu wakaanza kumsalimu mbuzi badala ya chifu. Katika nyingine alikula kitabu cha kiongozi wa kwaya, na Jumapili kila alipolia nje ya kanisa kwaya nzima ilimfuata, sauti ya kwanza na ya pili. Aliwahi kula shela ya bibi harusi, na siku moja alikula mitihani ya shule nzima, wanafunzi wakambeba mabegani. Dada alimpa kila mtu sauti yake. Mama Ndevu alizungumza kama mzee mmoja wa kanisa letu ambaye kila neno alilisindikiza na kikohozi, na chifu alizungumza kama Papa, baba yetu.

Papa alikuwa mtu wa ng'ombe. Alikamua, alitengeneza jibini, ambayo sisi twaiita fromaji, na alizichonga mbao za kuikaushia kwa mikono yake. Mbuzi kwake alikuwa mnyama wa watu waliokosa nyasi. Jioni ya kwanza alipotukuta tumemzunguka Dada, aliuliza kitabu kile kinafundisha nini.

"Hakifundishe kitu, Papa," Dada alimjibu. "Kiko cha kuchekesha tu."

Papa alisema kwamba kuchekesha si kazi ya kitabu, akatoka. Lakini tangu siku ile, kila wakati wa kusoma ulipofika, alikumbuka kwamba kuna kamba ya kurekebisha, na kamba hiyo ilikuwa lazima irekebishwe nyuma tu ya ukuta wa jiko. Tulimsikia akikohoa. Siku moja kichwa chake kilitokeza mlangoni bila mwili, akasema mbuzi hawezi kumaliza kofia ya ngozi, labda ya kitambaa, na huyo aliyeandika hajachunga hata siku moja. Kisha akauliza kwa nini hawakuandika juu ya ng'ombe. Dada alimwambia kwamba ng'ombe ana heshima nyingi mno, hachekeshi. Jibu hilo lilimpendeza Papa, nikaona ameingia na mabega yote mawili.

Sheria ya Dada ilikuwa shapitre moja kwa jioni. Bahati angelia, mimi ningebembeleza, Mama angesema hata yeye anaomba ukurasa mmoja tu, lakini kitabu kikifungwa kimefungwa. Mama alikuwa na msemo wake kwamba maziwa hayaambiwi "ngojea", na maziwa yalimjibu kwa vitendo karibu kila siku. Tulilala na moshi wa maziwa kwenye nywele, tukibishana gizani Mama Ndevu atakula nini kesho.

Ndipo tukafika kwenye kesi. Kijiji kizima kilichoka, kikamfikisha Mama Ndevu mahakamani. Chifu alikuja bila kofia, bibi harusi bila shela, mwalimu bila mitihani, kila mmoja akadai mbuzi achinjwe. Jaji akamuuliza mshtakiwa ana la kusema. Picha ya mwisho ya shapitre ile ilimwonyesha amesimama kizimbani, shingo ameinyoosha, anatazama kitu juu ya meza ya jaji ambacho mchoraji hakukionyesha. Dada akafunga kitabu. Ilikuwa imebaki shapitre moja.

Kesho yake hatukusoma, kwa sababu wageni walikuja. Walikuwa ndugu wa Deo, kijana mpole kutoka Itebero, kule kwenye misitu ya Walikale, aliyekuwa amekuja Kirotshe kujifunza uuguzi na huko akafahamiana na dada yangu, nao walikuja kumposa. Baada ya hapo nyumba ilijaa shangazi, majani ya chai na mazungumzo ya faragha, na hakuna aliyekumbuka mbuzi isipokuwa mimi na Bahati. Papa hakuwa na neno baya juu ya Deo. Lililomsumbua ni nchi yake. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba hajui atamtembeleaje mtoto mahali pasipo na nyasi.

Asubuhi ya harusi, siku ya kuondoka kwake, nilimkuta Dada akifunga sanduku. Nilimwambia kwamba kesi haijaisha. Aliinama, akanirekebisha kola ya sweta ingawa haikuwa na kasoro.

"Shapitre ya mwisho tutaisomea kule kwangu," alisema. "Utakuya, Sifa. Kitabu itakungojea."

Nilitaka kumwuliza kwa nini asituachie, lakini watu walianza kuimba uani na mlango ukajaa. Waliposhuka naye mlima, Bahati aliwafuata mpaka kwenye ua wa ng'ombe akiuliza kama Mama Ndevu alichinjwa. Wageni walidhani anauliza juu ya mbuzi wa karamu, wakamhakikishia kwamba ndiyo, amechinjwa, nyama iko. Bahati alilia mpaka akashikwa na kwikwi, na Noeli ya mwaka ule hakugusa nyama ya mbuzi.

Basi tukaishi na kesi isiyo na hukumu. Tulitunga miisho yetu wenyewe wakati wa kuchota maji. Ya Bahati ilimalizika daima kwa Mama Ndevu kuwa jaji. Papa alisema hakuna la kujadili, mbuzi ni mbuzi, atachinjwa. Lakini nilimwona akitusikiliza. Kila tulipompata mtu anayeelekea Walikale, mchuuzi ama mtu wa kanisa, tulimpa salamu za kumpelekea Dada pamoja na swali letu, na majibu yalikuja kwa mwendo wao, baada ya mvua na mavuno, yakiwa yamepita midomo mingi. Jibu lilikuwa lile lile kila mara: Sifa akuye yeye mwenyewe. Mama alisema binti yake amekuwa mgumu. Barabara ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa, na ilipofungwa hatukupata hata jibu hilo.

Kwa hiyo ilipofunguliwa, katika likizo kubwa, nilimwandama Papa kama inzi. Nilikuwa nimeshajifunza kusoma Kifaransa cha kutosha, nikamwambia nitamsomea vibao vya njiani. Alisema hakuna vibao msituni. Lakini siku moja nilimkuta akichagua fromaji iliyokauka vizuri kuliko zote, akiigonga kwa kidole na kuisikiliza, kisha akaifunga kwa majani ya ndizi. Alisema anakwenda kuona kama watu wa Walikale wanaweza kununua fromaji. Bahati alikuwa bado mdogo kwa safari ile. Aliachwa, akanikabidhi maswali yake yote.

Tulipanda lori, tukapanda pikipiki, kisha tukatembea, kutembea ambako nilidhani hakuna mwisho. Nilizaliwa kwenye baridi na upeo. Kwetu ukisimama mlangoni unaona milima mpaka macho yachoke. Kule miti ilikuwa imeifunga mbingu. Hewa ilikuwa nzito na ya moto, matope yalivuta miguu, madaraja yalikuwa magogo yaliyolazwa tu, na fromaji ya Papa ilianza kutoa jasho kama mtu. Papa alitembea akitazama kushoto na kulia akitafuta angalau mnyama mmoja wa kumsalimu. Aliwauliza watu tuliokutana nao kama huku wanakunywa nini. Walimwambia maji. Aliishika fromaji yake kwa mikono miwili.

Dada alituona kabla sisi hatujamwona. Alikuwa akirudi kutoka shambani na kikapu cha mihogo mgongoni, akasimama katikati ya njia, na hakukimbia kama nilivyofikiria siku zote kwamba atakimbia. Alikuwa amekonda. Alitanguliza mikono, ikamgusa Papa usoni, halafu mimi, kana kwamba anahakikisha kwa vidole.

Nilikuwa na haraka ya mtoto. Hata kabla ya kula niliuliza kitabu kiko wapi. Alitabasamu, akasema kiko, kesho. Kesho yake akasema kesho. Alitupikia, akanionyesha mto, akanifundisha jina la samaki mdogo wa pale, akamwuliza Papa habari za kila ng'ombe kwa jina lake, na kila mwanga wa jioni ulipoingia mlangoni nilijisogeza karibu naye, naye akakumbuka kwamba kuna kuni za kupasua. Sikuelewa. Nilimwambia Papa kwamba Dada hachekeshi tena.

Papa alikuwa ameshaambiwa. Shemeji Deo alimchukua nyuma ya nyumba, na mimi nikawafuata bila kuitwa, nikaona Papa amevua kofia mbele ya kituta kidogo kilichopandwa maua ya njano. Palikuwa na mtoto. Alizaliwa, akaishi kidogo, akaenda, na Dada alikataa habari kama ile ibebwe mpaka Masisi na midomo ya wapita njia. Hivyo kwa muda wote ule, sisi tulipokuwa tukiuliza habari za mbuzi, wao walikuwa wakiishi na kituta kile. Aliokota jani lililoangukia pale, akalitia mfukoni.

Jioni ya mwisho kabla ya kurudi kwetu, Dada alileta kitabu mwenyewe. Alikaa mlangoni, akanikalisha karibu, akafungua mahali palipokuwa na alama ya uzi. Alianza kwa sauti yake ya zamani, ile ya mzee wa kanisa na kikohozi chake, lakini kikohozi kilipofika kooni kiligeuka kitu kingine. Alijaribu tena. Kisha akaniwekea kitabu mapajani.

"Soma weye," alisema. "Miye sauti imenikatalia."

Kurasa za shapitre ile zilikuwa bado zimeshikana pembeni, jinsi vitabu vingine vinavyotoka kiwandani bila kukatwa sawasawa. Nilidhani ni unyevu wa msitu. Shemeji Deo alinipa wembe, nikazitenganisha moja moja, taratibu, na nikaanza kumtoa Mama Ndevu kwa Kiswahili kama Dada alivyokuwa akitufanyia, nikikwama, nikirudi nyuma. Jaji aliandika hukumu ya kuchinja, akageuka kuchovya kalamu, na alipogeuka tena karatasi haikuwepo. Akaandika nyingine. Nayo haikuwepo. Aliandika mpaka karatasi za mahakama zikaisha. Akasimama ili atamke hukumu kwa mdomo, na watu wote wakaona kwamba upande wa nyuma wa joho lake jeusi umeshaliwa mpaka magotini.

Hapo nilikohoa kile kikohozi cha mzee wa kanisa. Sikupanga, kilinijia tu. Nilisikia sauti pembeni yangu, nikadhani Dada analia tena, kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mdomo ukiwa umefungwa, kisha ukafunguka, na ndani ya kicheko hicho alilia pia, hakujaribu kuvitenganisha. Nikaendelea kusoma kwa sababu niliogopa kunyamaza. Chifu naye alicheka, na kwa kuwa alicheka akashindwa kudai adhabu. Hukumu ikawa kwamba Mama Ndevu atalala zamu kwa zamu kwa wale wote aliowalia mali yao. Picha ya mwisho ilijaza kurasa mbili: kijiji chote kimetundika viti, viatu, sufuria, hata kitanda, juu ya miti, na chini yake mbuzi mmoja mwenye ndevu anatazama juu kwa subira.

Papa alikuwa amesimama nje. Aliinama kuitazama picha, akaitazama muda mrefu. Akasema mbuzi yule ana akili kuliko jaji, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Asubuhi Dada alikifunga kitabu kwa kipande cha kitenge, akanipa. Papa alimwambia akiache, kimliwaze huku. Alikataa. Alisema Bahati anangoja hukumu. Nilifurahi kiasi kwamba nilimkumbatia kwa mkono mmoja tu, mwingine umeshika kitabu, nikatangulia njiani nikisoma huku natembea, nikijizoeza sauti ya jaji ili nisiharibu mbele ya Bahati. Papa alinishika begani nisijikwae. Yeye alikuwa akigeuka nyuma, akitembea kidogo na kugeuka tena, mpaka nikamwuliza anaangalia nini.

"Angalia mbele," aliniambia. "Kuko matope."

Nilidhani anaangalia mvua.

Ilinichukua miaka mingi, na mtoto wangu mwenyewe, kuelewa kwamba zile kurasa hazikushikana kwa unyevu. Alikaa na kitabu kile misimu yote ile, siku alizokuwa na furaha na siku alizokuwa na kituta, na hakukata ukurasa hata mmoja bila sisi. Nilidhani ananinyima mwisho ili anivute. Hakuwa nao wa kuninyima. Alikuwa akiungoja, kama mimi, na aliungoja akiwa peke yake. Na asubuhi ile aliponiwekea kitabu mikononi alijua ananipa nini. Mtoto mwenye hukumu ya Mama Ndevu hana tena sababu ya kumsumbua baba yake kwa ajili ya safari ya Itebero. Papa alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa akigeuka.

Hatukurudi. Barabara ilifungwa tena, ikawa hivyo kwa muda mrefu. Papa alizeeka, akafariki, na siku ya maziko yake Esperanse hakuweza kufika. Watoto wake ni wakubwa sasa, nawafahamu kwa sauti. Kukiwa na siku nzuri yeye hupanda mlima wa nyuma ya nyumba, mahali pekee penye reseau, mtandao, akanipigia simu. Kwetu watu wakisalimiana huuliza mtakuja lini, na mwenye kuulizwa hujibu kwamba Mungu akipenda, kisha mazungumzo yakaendelea. Kwa miaka nilimjibu hivyo. Juzi aliniuliza tena, "Mutakuya lini?", na badala ya kusema Mungu akipenda nilianza kuhesabu siku za likizo kubwa. Niliisikia pumzi yake, bado anahema kwa sababu ya kupanda.